Operesheni ndogo ya kuondoa kikwapa, kuna aliyefanyiwa? Nipo Mbeya

Mwalimu wa Uyole

Wakuu habari za saa hizi, naomba mnisome mpaka mwisho maana huu uzi nimeuandika na kuufuta mara tatu. Mimi ni mdada wa miaka 28, nafundisha shule ya msingi hapa Mbeya na nakaa Uyole. Nina kikwapa tangu niko darasa la sita. Sio kile cha kushinda juani ukaoga jioni kikaisha, hapana, mimi naoga saa kumi na moja alfajiri maji ya moto na sabuni nasugua mpaka ngozi inauma, ikifika saa nne naisikia harufu mwenyewe, na ukishaisikia mwenyewe ujue wenzako walishaisikia zamani.

Wanaoijua Uyole mwezi wa sita wanajua baridi yake, daladala asubuhi inaondoka madirisha yote yamefungwa watu wamejikunyata ndani ya makoti. Juzi kati nimekaa siti ya katikati, mama aliyekaa pembeni yangu akafungua dirisha. Ule upepo unaingia kama wembe, abiria wa nyuma wakaanza kelele mama funga dirisha tunakufa na baridi, yule mama hakufunga, akavuta khanga akaziba pua akatazama nje. Hakusema neno lolote ila mimi nilijua. Nikashuka Sae, kituo ambacho sio changu, nikamalizia kwa mguu huku nalia.

Na kanisani niko kwaya. Majoho yetu ni ya kitambaa kile cha kuteleza na huwa tunachangia, unachukua lolote linalokutosha. Mwaka jana kiongozi akaniita pembeni akaniambia kwa upole kabisa kwamba joho namba 14 liwe langu peke yangu, lisichanganywe na mengine. Nilimshukuru. Nikarudi nyumbani nikakaa wiki tatu bila kwenda mazoezini.

Nilivyojaribu: ndimu (iliniunguza nikatoka weusi mpaka leo), shabu, magadi, bekingi powda, majani ya mpera, sabuni za dawa za kila rangi, deodoranti za kupuliza na za kupaka. Mama yangu mzazi naye anayo, na marehemu bibi alikuwa nayo, kwahiyo naona ni ya ukoo.

Sasa nimeona video ya Korea wanafanya operesheni ndogo, wanachana kidogo tu kwenye kwapa wanatoa vitezi vinavyoleta harufu, mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Naomba kujua kwa aliyefanyiwa au anayejua: ni kweli harufu inaisha moja kwa moja? Nikitolewa hizo tezi jasho litapita wapi? Inaumaje? Na kwa hapa kwetu mtu anaanzia wapi? Niko tayari hata kukopa. Tafadhali wa kunicheka apite tu.

Bibi Rungwe

Mwanangu pole sana, hamna wa kukucheka hapa. Mimi ni mtu mzima nina wajukuu, nakwambia hiyo ya daladala imeniuma kama ni mimi. Ila hiyo shabu uliyoitaja usiidharau, sisi Tukuyu tumekua nayo, unalowesha jiwe la shabu unapaka kwapa safi iliyokauka, sio unasaga unaweka unga kama chumvi. Na usichanganye na ndimu. Mengine waachie wanaojua, mimi operesheni naiogopa.

Mnyalukolo wa Kihesa

Dada mwalimu kamwene. Nipo Iringa, mimi ni mwanaume wa miaka 34 na hili tatizo lilitaka kunivunjia ndoa, sio utani. Nitakwambia kilichonisaidia mimi alafu utaamua mwenyewe, maana kabla ya kisu kuna mambo ambayo watu wengi hatujawahi kuyafanya sawasawa.

Kwanza nilienda kwa daktari wa ngozi, akaniuliza swali moja tu ambalo sijawahi kuulizwa: unanyoa? Mi nilikuwa nanyoa mara moja kwa miezi. Akanambia zile nywele zinashika jasho na wale bakteria wanajenga humo humo. Sasa hivi nanyoa kila wiki. Pili akaniandikia dawa ya kuoshea, ile ile ya chunusi, inaitwa benzoili peroksaidi asilimia 5, unapaka kwapani unaacha dakika mbili tatu ndo unasuuza, sio unapaka na kusuuza hapo hapo. Tahadhari inachubua rangi ya taulo na nguo, taulo langu la bluu sasa hivi lina mabaka meupe kama ramani, tumia taulo jeupe. Na usianze kila siku ngozi itakauka, anza mara moja kwa siku mbili.

Tatu, na hapa ndo nilipopigwa butwaa, akanambia dawa ya kuzuia jasho inapakwa USIKU. Mi miaka yote napaka asubuhi nikishaoga ngozi bado mbichi natoka. Ile yenye aluminiamu kloraidi inatakiwa ipakwe usiku kwapa limekauka kabisa kwasababu usiku hatutoki jasho sana, inapata muda wa kwenda kuziba vile vitundu, asubuhi unaosha unaendelea na mambo yako. Na siku uliyonyoa usipake, inawasha sana. Na kumbe deodoranti na dawa ya kuzuia jasho ni vitu viwili tofauti, deodoranti inafunika harufu tu na kupunguza bakteria, jasho linaendelea kutoka kama kawaida.

Alafu nguo. Sisi wa nyanda za juu tuna tatizo ambalo watu wa Dar hawana, tunavaa sweta. Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne sweta likifuliwa halikauki siku tatu, matokeo yake unalivaa wiki mbili hujalifua, kwapa la sweta limeshika harufu kiasi kwamba hata ukioga vipi ukilivaa likapata joto la mwili harufu inafufuka. Mke wangu ndo aligundua hilo, alinusa sweta nikiwa bafuni. Vitambaa vya poliesta vinashika harufu kuliko pamba, hayo majoho yenu ya kuteleza ndo wabaya wenyewe. Sasa hivi ndani navaa fulana ya pamba kila siku mpya, sweta linabaki juu.

Sijapona asilimia mia, ila mke wangu anaegemea bega langu tukiangalia taarifa ya habari.

Kijana wa Vwawa

Mimi naongeza kimoja tu. Kuna watakaokufuata pembeni wakwambie ni jini au umetupiwa kitu. Dada yangu alizungushwa kwa waganga miaka miwili, ng'ombe wawili wa mzee wakaisha, akaacha na shule. Usikubali kabisa.

Tabibu Ngozi Njombe

Dada Mwalimu, pole na hongera kwa kuandika. Mimi ni afisa tabibu niliyesomea magonjwa ya ngozi pale KCMC Moshi, kwenye kituo cha kanda cha mafunzo ya ngozi ambacho kipo tangu 1992, sasa nafanya kazi huku Njombe. Nitaandika kirefu kidogo maana maswali yako ni ya msingi na watu wengi wanakaa nayo moyoni.

Mwili una tezi za jasho za aina mbili. Za kwanza zimetapakaa mwili mzima, ni kati ya milioni 2 na 4, jasho lake ni maji na chumvi na kazi yake ni kuupooza mwili. Za pili zinaitwa tezi za apokrini, hizi ziko sehemu chache, kwapani, sehemu za siri, kuzunguka chuchu, na ndani ya sikio kuna ndugu zake. Zinalala mpaka mtu anapobalehe, ndiyo maana ulianza darasa la sita. Zinatoa majimaji mazito kidogo yenye mafuta na protini, na yakitoka tu hayana harufu yoyote. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kwapa ndio wanaoyala na kuacha asidi zenye ile harufu kali. Kwahiyo usijisugue mpaka uchubuke, sio uchafu, na ngozi iliyochubuka inazidi kuwa tatizo.

Kuhusu jasho litapita wapi, ondoa hofu. Kwapa ni eneo dogo sana ukilinganisha na mwili mzima, ukitolewa tezi za hapo mwili utaendelea kujipooza kama kawaida.

Sasa operesheni yenyewe. Tezi za apokrini zimekaa chini ya ngozi, pale ngozi inapokutana na mafuta, na zimejazana kwenye eneo lile lile linaloota nywele. Zamani walikuwa wanakata ngozi yote yenye nywele wanaitupa na kushona, tatizo lilikuwa kovu kubwa na mkono kushindwa kunyooka vizuri. Hizi za siku hizi ulizoziona wanachora mpaka wa nywele, wanachoma ganzi nyingi iliyochanganywa na maji ya chumvi na adrenalini ili damu isitoke sana, unakuwa macho, sio nusu kaputi. Kisha wanachana sentimita 2 mpaka 4 kwenye mkunjo wa kwapa, wanaibandua ngozi kwa chini, wanaigeuza kama unavyogeuza mfuko wa suruali, na kwa mkasi wananyofoa zile tezi moja moja mpaka mizizi ya nywele ionekane. Njia ya pili ni matundu madogo zaidi, chini ya sentimita 1, wanaingiza mrija wenye makali wanakwangua na kufyonza. Hii ya pili kovu lake ni dogo ila daktari haoni anachokwangua, kwahiyo tezi zinazobaki ni nyingi na harufu kurudi ni rahisi zaidi. Ile ya mkasi inachukua muda lakini anaona kwa macho.

Ugumu uko hapa: ukikwangua kidogo harufu inabaki, ukikwangua kupita kiasi ngozi inakuwa nyembamba mno inakosa damu na kufa, inageuka kidonda cheusi ambacho kupona kwake ni wiki nyingi. Ndiyo maana hii operesheni inaitwa ndogo kwa kidonda chake, kwa mkono wa anayeifanya si ndogo hata kidogo. Tafuta mtu aliyeifanya mara nyingi, muulize bila aibu amefanya ngapi na akuonyeshe makovu ya wagonjwa wake.

Na kitu kimoja ambacho video hazisemi. Kule Korea, Japani na China watu wengi kwa kurithi hawana harufu ya kwapa kabisa au wanayo kidogo sana, nta ya masikio yao ni mikavu kama maganda. Mwaka 2006 watafiti wa Kijapani walionyesha kwamba jeni inayoitwa ABCC11 ndiyo inayoamua nta iwe mikavu au ya majimaji, na jeni hiyo hiyo inahusika na harufu ya kwapa. Kwahiyo kule mtu mwenye harufu ambayo hapa kwetu tungeiita ya kawaida anaonekana wa ajabu, anaenda kupasuliwa. Sisi Waafrika karibu wote tuna nta ya majimaji. Nasema hivi kwasababu wengi wanaopasuliwa kule, hapa tungewapa dawa ya kuoshea na wembe na mambo yangeisha. Sisemi yako ni ndogo, nasema lazima kwanza ipimwe. Daktari anaweza kukuwekea kipande cha shashi kwapani kwa dakika chache kisha akakinusa, ndiyo, tunanusa, ni kazi yetu. Kuna watu wamekuja kwangu wamejifungia ndani miaka na harufu haipo kabisa, hao wanahitaji msaada mwingine na ukiwapasua unawaharibia. Na kuna wachache ambao mwili mzima, mpaka pumzi na mkojo, vinatoa harufu kama ya samaki, hilo ni tatizo la mwili kushindwa kuvunja kitu fulani cha kwenye chakula na upasuaji wa kwapa hausaidii.

Usikubali pia operesheni ya kukata neva kifuani. Ile ni ya jasho jingi la mikononi, na wengi wakifanyiwa jasho linahamia mgongoni na tumboni. Sio ya harufu.

Swali moja: umewahi kupata kovu lililovimba popote mwilini?

Nilisoma China

Nimesita kuandika ila Tabibu ameeleza vizuri nikaona na mimi nitoe ushuhuda wangu. Nimezaliwa Mbalizi, nilisoma China miaka sita na nilifanyiwa hiyo operesheni mwaka wa nne. Kule wanaiita harufu ya mbweha, ndo jina lake kwa lugha yao, na wenzangu bweni walikuwa wananitania kwa hilo jina wakijua silielewi. Nilipolielewa nilitafuta hospitali wiki hiyo hiyo, yani nilikata shauri kwa hasira, na hapo ndo kosa langu la kwanza lilipo.

Operesheni yenyewe haiumi, kinachouma ni sindano za ganzi za mwanzo, unaona kwapa linavimba kama puto kwa yale maji. Baada ya hapo nasikia tu mkasi unalia kwichi kwichi karibu na sikio. Kama saa moja kila upande. Wakamaliza wakaweka matonge ya shashi juu ya kwapa wakayashonea kabisa kwenye ngozi ili yaikandamize ile ngozi iliyobanduliwa ishikane tena na nyama, maana ikibaki na nafasi chini yake damu inajaa hapo. Alafu bandeji kifuani mpaka mabegani. Nilikaa hivyo siku sita. Huogi, huvai shati mwenyewe, unalala chali, mikono usiinyanyue juu ya bega wiki mbili. Kunawa uso tu ni kazi.

Siku ya tatu chumba kilikuwa cha kuhama, nikanyanyua begi kwa mkono wa kushoto mara moja tu, nikahisi joto kwa ndani. Kesho yake kwapa la kushoto limevimba na limekuwa zambarau. Damu ilikuwa imejikusanya. Daktari akafungua akaitoa akafunga upya, lakini kipande cha ngozi kama ukubwa wa shilingi mia kilikufa, nikasafisha kidonda wiki tano. Mkono wa kulia ulipona bila shida, kovu lake ni mstari mwembamba wa sentimita 3 unaojificha kwenye mkunjo, la kushoto ngozi ni ngumu na ina weusi mpaka leo.

Matokeo: harufu imepungua sana. Sana kweli. Nikicheza mpira nikalowa bado kuna kitu kwa mbali upande mmoja, ila ni kile cha mtu yeyote aliyetoka jasho. Nywele za kwapa zimebaki chache maana mizizi inaumia humo humo. Ngozi ilikuwa na ganzi miezi kadhaa kisha ikarudi. Je nisingefanya? Mi ningefanya tena, ila ningesubiri likizo, ningekuwa na mtu wa kunibebea vitu na kunipikia, na nisingefanya kwasababu ya maneno ya bweni. Na nimesoma alichoandika ndugu wa Kihesa kuhusu kupaka usiku, mimi hakuna aliyewahi kunieleza hilo kabla ya kupanda kitandani. Hilo linanisumbua mpaka leo.

Mwalimu wa Uyole

Jamani nimesoma zote nimelia, ila machozi mengine sio yale ya Sae. Asanteni.

Tabibu umeuliza kovu. Ndio ninalo. Nilitoboa sikio tundu la pili nikiwa chuo, likavimba likawa kama punje ya harage nyuma ya sikio, likakatwa kwenye zahanati moja, likarudi kubwa kuliko mwanzo. Mpaka leo nalificha kwa mtandio. Hii inahusiana vipi na kwapa?

Tabibu Ngozi Njombe

Inahusiana sana mdogo wangu, na nimefurahi nimeuliza. Hiyo ni keloidi, na sisi watu weusi tunaipata kuliko wengine. Mwili wako ukijeruhiwa hausimami pale kidonda kilipofunga, unaendelea kujenga kovu mpaka linavuka mipaka. Kwapa linakunjwa na kuvutwa siku nzima, na keloidi hupenda kutokea kwenye ngozi inayovutwa. Ukipata keloidi kwapani itakuwasha, itakuuma, mkono utabana, na ukienda kuikata tu bila matibabu mengine inaweza kurudi kubwa zaidi kama ilivyofanya sikioni. Utakuwa umeuza harufu umenunua maumivu ya kila siku. Wewe kisu kiwe cha mwisho kabisa, na asikupasue mtu ambaye hujamwonyesha hilo sikio. Mvulie mtandio aone.

Zipo njia zisizochana. Botoksi inachomwa kwa visindano vingi vidogo kwapani, inazima neva zinazoamrisha jasho, bakteria wanakosa unyevu na harufu inashuka. Inadumu miezi kadhaa kisha unarudia, kwahiyo ni gharama ya kujirudia. Ipo na mashine ya mawimbi kama ya maikrowevu inayounguza tezi kwa chini bila kuchana, inaitwa miraDry, Marekani wameiruhusu kwa jasho la kwapa tangu 2011. Zote hizi uliza miji mikubwa. Ukipewa bei usiulize ya siku hiyo tu, jumlisha nauli ya kurudi kliniki na malazi, maana mtu wa Mbeya akirudi mara nne Dar au Moshi nauli inaweza kuzidi alichokuwa amekipanga.

Lakini kabla ya hayo yote anza na aliyosema Mnyalukolo, umfuate kama dozi, miezi mitatu. Ongeza dawa ya antibayotiki ya kupaka kwapani kama daktari ataona inafaa. Ndimu acha kabisa, asidi yake inaunguza ngozi na kuacha weusi, ndicho kilichokupata. Bekingi powda nayo inaichubua. Shabu ya Bibi Rungwe ina maana yake, ni chumvi ya aluminiamu, ndugu ya dawa ya kuzuia jasho, ila ni dhaifu. Hapo Mbeya anza kuulizia kliniki ya ngozi Hospitali ya Rufaa ya Kanda, na hiyo keloidi ya sikio ipelekwe siku hiyo hiyo, kuna sindano za kuchoma kwenye kovu zinazolipunguza.

Mama Makambako

Samahani naingilia uzi wa mwenzangu. Binti yangu ana miaka 7 na ameanza kunuka kwapa kama mtu mzima, miezi miwili sasa. Naye nimuanzishie hizo dawa?

Tabibu Ngozi Njombe

Mama, hapana, usimpake kitu chochote kwanza. Nimesema zile tezi zinalala mpaka kubalehe, sasa mtoto wa kike zikiamka kabla ya miaka 8 au wa kiume kabla ya 9 inabidi ajulikane zimeamshwa na nini. Mara nyingi haliwi jambo kubwa ila kuna nyakati homoni zimewahi na zinahitaji matibabu. Mtazame kama ana nywele za kwapa au sehemu za siri, chunusi, matiti, na kama amerefuka ghafla. Mpeleke hospitali akaonwe na daktari wa watoto, wiki hii, na useme umri wake na harufu ilianza lini. Kwa sasa aoge kawaida na abadilishe nguo. Upasuaji kwa mtoto hatuufikirii kabisa, tezi bado zinakua, hata ukizitoa nyingine zinaamka baadaye.

Mama Makambako

Nywele zipo chache, nilidhani ni kurithi kwa baba yake. Jumatatu naenda. Mungu akubariki.

Mwalimu wa Uyole

Wakuu narudi na mrejesho, ni wiki ya saba leo.

Nilienda kliniki. Yule daktari alininusa kweli na shashi, nilitaka kuzama ardhini ila aliandika kwenye faili kama mtu anayeandika presha, akasema ni ya wastani kwenda kali, kwapa tu, mwili mwingine hamna. Akaangalia sikio akasema kama nilivyoambiwa hapa, hatanipeleka kwa mpasuaji. Nimeshachomwa sindano mbili za keloidi, zinauma kuliko chochote nilichowahi kuchomwa, ila limelainika na limeanza kushuka.

Nanyoa kila Jumamosi. Dawa ya kuoshea siku moja moja, wiki ya kwanza iliniwasha nikaipumzisha siku tatu nikaanza tena taratibu. Ile ya usiku napaka saa tatu nikishakaa mbele ya feni dogo kwapa likauke maana ukipaka mbichi unapiga kelele. Mwanzoni nilipaka kila usiku, sasa ni mara mbili kwa wiki. Masweta yangu yote matano niliyageuza ndani nje nikayaloweka na siki kisha nikayafua, mawili yaligoma harufu haitoki nikayachoma, yalikuwa ya mtumba na nilikuwa nayapenda ila basi.

Harufu haijaisha. Sasa hivi inakuja saa tisa alasiri badala ya saa nne, na ni ndogo, nikipangusa na kitambaa chenye maji chooni pale shuleni na kubadili fulana nafika nayo nyumbani salama. Wiki iliyopita nimepanda daladala ya saa kumi na mbili asubuhi, baridi imepungua ila bado madirisha yamefungwa, nimekaa kati ya watu wawili mpaka Mwanjelwa na hakuna aliyegusa kioo. Nilikuwa nakiangalia kile kioo njia nzima.

Kwaya nimerudi. Nimemuomba fundi anishonee joho la pamba rangi ile ile, mwenyekiti amekubali, na wadada wengine wawili wameniomba namba ya fundi, mmoja wao akaniita nje ya kanisa akanong'ona ameanza tatizo lini. Nimemtumia huu uzi.

Tabibu, nimebakiza mwezi mmoja na nusu ya ile mitatu. Nikimaliza nikiwa hapa nilipo, hiyo botoksi daktari amesema tutaijadili, nauli nimeanza kuiweka kidogo kidogo. Na Mama Makambako, binti vipi, walisemaje?